Filimbi Moja, Midomo Miwili

Nilipoiona ile filimbi mpya shingoni mwa Kishindo, nilijua nimeibiwa, na mwizi nilimjua. Alikuwa nesi.

Ilikuwa filimbi nyekundu ya plastiki yenye kamba ya buluu, ya aina ile ile ambayo nesi aliivaa kupangia foleni pale zahanati. Kishindo aliingia nayo ukumbini saa nne asubuhi, siku moja kabla ya onyesho letu la sokoni. Aliupita mlango, akaenda moja kwa moja kwenye ngoma zake, akasema, "Habari za asubuhi," kama mtu anayesalimia ofisi nzima. Mimi, mchumba wake, nikabaki nimesimama katikati ya ukumbi, barakoa mkononi, moyo ukinienda mbio.

Labda utaniona mjinga, mtu mzima kuliwa roho na kipande cha plastiki. Basi ngoja nikueleze filimbi ni kitu gani kwetu.

Kikundi chetu cha ngoma za asili kina watu kumi na wawili na filimbi moja tu. Ni ya bati, imekwaruzika kila upande, na huvaliwa na mchezaji anayeongoza, ambaye ni mimi. Wananiita Vumbi, kwa kuwa nikishuka uwanjani waliokaa mbele huondoka wakipangusa macho. Ngoma ikifika pale inapogeuka, mimi huipuliza filimbi mara moja, kisha naruka hadi kwa mpiga ngoma mkuu na kumtia filimbi hiyo hiyo mdomoni, maana mikono yake haina nafasi. Yeye huipuliza mara mbili, na ngoma zote zinageuka. Ndivyo tulivyofundishwa na waliotutangulia, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Kwa watazamaji ilikuwa mbwembwe ya uwanjani. Kwangu mimi na Kishindo, kwa miaka mitatu, lilikuwa ndilo busu letu, tena mbele ya umati, na shangazi yangu amekaa mstari wa mbele anapiga makofi! Siku aliyonitaka uchumba hakutamka hata neno. Aliing'ang'ania filimbi kwa meno. Nikaivuta, akakataa kuiachia, mikono yake ikiendelea kupiga na macho yakinicheka, mpaka nikamnong'oneza, "Haya, nimekubali, niachie, watu wanatuona."

Shangazi hakujua lolote. Yeye ndiye aliyenilea. Ni fundi cherehani, na nguo zote za kikundi zimepita chini ya sindano yake, lakini kumpa mpiga ngoma binti aliyemlea mwenyewe lilikuwa jambo jingine kabisa.

"Mwanaume anayekula kwa kupiga kitu," alikuwa akisema huku ameuma uzi. "Siku kitu kikipasuka, atapiga nini?"

"Atanunua kingine, shangazi."

"Au atakupiga wewe." Kisha anakanyaga cherehani kwa nguvu ili nisipate nafasi ya kujibu.

Ulipoingia ugonjwa, maonyesho yakafungwa. Kishindo anaishi na baba yake, mzee mwenye mapafu mabovu tangu alipokuwa akifanya kazi ya kuchoma matofali, na kwa ajili ya mzee huyo Kishindo hakunigusa hata kidole kwa miezi mitano. Tulikuwa tunaonana barabarani, yeye ng'ambo ile, mimi ng'ambo hii. Nilivumilia. Nilijiambia siku ngoma itakaporudi, filimbi nayo itarudi, na hata mzee akikohoa, filimbi ni kazi, haina lawama.

Kisha zahanati ikatuletea ombi. Watu walikuwa hawasomi vipeperushi vya afya, wakivipokea wanafungia karanga. Wachezaji wajifunze habari za ugonjwa, wakazicheze na kuziimba sokoni, watu waelewe. Nesi angekuja mara tatu kwa wiki kutufundisha.

Alikuwa na sauti laini na macho makubwa, na barakoa ilimfunika sehemu zote ambazo pengine zingekuwa na kasoro. Siku ya kwanza alifungua karatasi akasoma, "Dumisha umbali baina ya mtu na mtu katika maeneo yenye msongamano."

Kishindo akanyoosha mkono. "Samahani nesi, hayo utamwambiaje mama anayeuza nyanya?"

Nesi akafikiri. "Nitamwambia anyooshe mkono, na mwenzake anyooshe wake. Vidole visigusane."

"Basi tuseme hivyo. Hilo linaimbika." Akalipiga palepale kwenye ngoma, nyoosha mkono, nami ninyooshe wangu, na nesi akacheka. Akacheka kwa macho, maana hakuwa na pengine pa kuchekea. Siku ile nilihesabu vicheko vinne.

Baada ya hapo wakawa wanabaki wakati sisi tunaondoka, Kishindo benchi hili, nesi benchi lile, karatasi zimetandazwa katikati. Sitamsingizia mtu, mita mbili walizitimiza. Lakini macho hayapimwi kwa mita.

Siku moja nesi alitutaka tutaje vitu tunavyochangia. Tukataja kikombe, taulo, kitana, rangi ya midomo. Kasuku, mchezaji mwenzangu asiyeweza kukaa kimya hata akiwa na chakula mdomoni, akasema, "Na waume!" Ukumbi ukaangua kicheko, nesi akaandika orodha yake, akafunga kalamu. Hakuna hata mmoja aliyetaja filimbi. Wala hatukuificha. Kikombe ni kitu, taulo ni kitu, filimbi kwetu ni ngoma yenyewe, nani angeiweka kwenye orodha pamoja na vitana? Nilimwona Kishindo akinitazama shingoni kisha akainamisha macho, nami nikadhani ni hamu. Nikalala siku ile na furaha ya bure.

Wiki iliyofuata lilikuwa somo la dalili. Nesi alianza na homa, akaja kwenye kikohozi, halafu katikati ya maneno akamgeukia Kishindo. "Kama ulivyoniambia jana," akasema.

Jana ilikuwa Jumapili. Jumapili hatukuwa na mazoezi.

Nikasema tumbo linaniuma, nikatoka nje, nikakaa bombani nikitazama maji yanavyodondoka kwenye ndoo mpaka somo likaisha. Zile dalili nyingine sikuzisikia.

Sasa unaweza kuelewa nilikuwa katika hali gani asubuhi ile ya filimbi nyekundu. Mpaka siku hiyo tulikuwa tumefanya nyimbo na hatua tu. Leo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kupiga mchezo mzima, tangu mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa nimeingoja siku hii kwa miezi mitano, mate yamenikauka. Sisi tunaoongoza tukavua barakoa, wengine wakajipanga mbali mbali kama tulivyofundishwa, ngoma zikaanza.

Nilicheza kama mwenye deni. Mwili ulikuwa mzito, kichwa kinagonga, nikasema ni hasira. Ngoma ilipofika penyewe nikapuliza mara moja, nikaruka, nikaivua filimbi shingoni na kuipeleka midomoni mwa Kishindo.

Akageuza uso.

Akaugeuza kabisa, kama mtoto anayekataa dawa, akaidaka ile nyekundu kwa meno kutoka kifuani mwake, akapuliza mara mbili. Ngoma zikageuka. Kila mtu akageuka nazo, isipokuwa mimi niliyebaki nimenyoosha filimbi hewani.

"Leo bati limekosa mwenyewe!" Kasuku akapaza sauti, na kicheko kikazunguka ukumbi.

Nilitembea, sikukimbia, hadi chumba cha mavazi. Nikafunga mlango. Shati la Kishindo lilikuwa limetundikwa msumarini, lile la kijivu analovaa akitoka nyumbani, na mkono wangu ukalifuata wenyewe. Nikalikandamiza usoni. Nilitaka kunusa marashi ya nesi. Nikanusa kola, nikanusa kwapa, nikanusa kifua. Nilikuwa bado nimelishika puani mlango ulipofunguka.

Kishindo alisimama kizingitini, barakoa amevaa, hakuingia ndani.

"Unatafuta nini kwenye shati langu?"

"Namtafuta mwenye filimbi."

"Vumbi..."

"Usiniite. Miezi mitano nimekaa kama mjane. Nakutazama ng'ambo ya barabara kama picha. Leo nakuletea filimbi yetu, unanigeuzia uso mbele ya kikundi kizima, mpaka Kasuku ananicheka! Kasuku!"

"Ilikuwa lazima nikuambie kabla. Nimekosea."

"Uniambie nini? Kwamba umepata wa kukupulizia?"

"Uniambie wewe, filimbi inatoka mdomoni mwa nani na kuingia mdomoni mwa nani? Mate yako, Vumbi, halafu mate yangu, halafu narudi nyumbani nalala chumba kimoja na baba. Nesi alipotuuliza vitu tunavyochangia, hatukuitaja. Nimekaa na jambo hilo wiki mbili."

"Na Jumapili?"

"Jumapili nilimpeleka baba kuchukua dawa. Nesi alikuwa zamu. Nikamuuliza kuhusu filimbi, akashtuka, hakuwa amewahi kuuona mchezo wetu mzima. Akanipa hii ya kwake mpya. Alisema kila mtu awe na yake."

"Akakupa."

"Akanipa, ndiyo. Nikamuuliza nitakuambiaje wewe, maana nilijua utaona nimekutupa. Akasema, mwambie kama ulivyoniambia mimi. Nikashindwa. Nilikuona umeisugua filimbi ya bati mpaka inang'aa, nikashindwa."

Maneno hayo ndiyo yaliyonichoma kuliko yote. "Kwa hiyo kuhusu midomo yangu," nikasema, "wa kwanza kujua alikuwa yeye."

Akainamisha macho. Na mimi namjua Kishindo, akiinamisha macho ujue amekubali kosa. Ningekuwa na akili ningeishia hapo, lakini wivu ukishapanda hauna breki.

"Na shati?" Nikalitikisa mbele yake. "Hili nalo utaniambia baba yako amekusaidia kulisafisha? Halina marashi yake. Sawa. Halina hata harufu yako! Halina jasho, halina sabuni, halina chochote. Mtu asiye na la kuficha anafua shati namna hii?"

Kishindo alinitazama. Uso wake ulibadilika, hasira ikamtoka na kitu kingine kikaingia.

"Sijalifua," akasema polepole.

"Muongo."

"Vumbi, nisikilize. Nimelivaa tangu juzi. Na asubuhi nimejichua bega kwa ile dawa ya kijani, nikalivaa juu yake. Kasuku amenisogelea tu akaniambia nanuka kama duka la dawa. Nusa tena."

Nikanusa tena, kwa ubishi. Hakuna kitu.

"Chupa iko rafu ya chini, nyuma ya njuga. Ifungue."

Ile dawa ya kuchua tunaijua wote. Ni ya magoti na mabega, na mtu akiifungua ukumbini, aliye mlango wa mbele anapiga chafya. Nikapiga magoti, nikasogeza njuga, nikaifungua chupa na kuiweka chini ya pua. Macho yakanitoka machozi. Pua yangu ilikuwa kama ya sanamu.

"Imeharibika," nikasema.

"Mimi nainusa kutoka hapa mlangoni. Na barakoa ninayo."

Nilibaki nimepiga magoti na chupa mkononi. Kule ukumbini mtu alikuwa akijaribu ngoma kwa vidole, taratibu.

"Somo la dalili," Kishindo akauliza, "lile la kupotelewa na harufu, ulikuwa wapi?"

"Nje. Bombani."

"Unafanya nini bombani?"

"Nakuonea wivu," nikasema, na hapo ndipo nilipoanza kulia, kwa sababu nilimkumbuka shangazi. Shangazi ana sukari. Tunalala ukuta mmoja, tunakula sahani moja. Kile kichwa kilichokuwa kinanigonga tangu jana, ule uzito wa miguu, vyote nilikuwa nimevipa jina la nesi.

Kishindo alipiga hatua moja mbele. Kisha akajizuia, akashika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Nimetazamwa na watu wengi katika kazi yangu, lakini sijawahi kutazamwa vile. Nilimwona akitaka kuvuka chumba kile kwa mwili wake wote, na nikamwona akikataa.

"Vaa barakoa," akasema. "Fungua dirisha. Usitoke. Naenda kumwita nesi."

Na hata pale mdomo wangu ukauliza, "Huyo huyo?"

"Huyo huyo, Vumbi."

Nesi alinipima mwenyewe. Jibu likawa ninao ugonjwa. Kikundi kizima kiliambiwa kikae nyumbani na onyesho likasogezwa mbele. Wote walipopimwa, hata shangazi, Kishindo na baba yake, hawakuwa na kitu. Kasuku naye alisalimika, na hakuna aliyeshangaa kusikia kwamba ugonjwa umemkwepa Kasuku. Nesi aliichukua filimbi ya bati kwa kitambaa, akaigeuza geuza, akasema, "Kwa hiyo ndiyo hii." Hakunionyesha ushindi wowote, na hilo lilinikera zaidi, maana nilikuwa bado nataka sababu ya kumchukia.

Nikafungiwa chumba cha nyuma, chenye dirisha la barabarani. Shangazi akahamia chumba cha mbele na cherehani yake. Chakula alikiweka kwenye stuli mlangoni, akagonga, akaondoka. Homa ilinipeleka na kunirudisha. Siku ya tano nikipanda kitandani nilikuwa natweta kama niliyecheza mchezo mzima. Siku ya nane homa ikashuka. Siku ya kumi na mbili niliamka nikasikia harufu ya mafuta ya cherehani ikipita chini ya mlango, hafifu sana, nikalia kama mjinga.

Siku hiyo hiyo nesi alipita kuniona. Kupitia dirishani nilimwona akisimama ng'ambo ya barabara, na karibu naye, mita mbili kama kawaida yao, alisimama Kishindo. Wakazungumza. Nesi akacheka kwa macho. Wivu ukanipanda, na safari hii sikuwa na homa ya kuusingizia. Nesi akaja kwangu, akanipima, akaniachia mfuko mdogo dirishani, akaenda zake kwa wagonjwa wengine. Kishindo akabaki.

Ndani ya mfuko ilikuwemo filimbi ya bati, imechemshwa, imefungwa kamba mpya.

Kishindo alikuwa amesimama kwenye jua kali, filimbi nyekundu ameiweka katikati ya midomo. Hakuipuliza. Alisimama tu, ananitazama, mikono yake ikigonga mapaja kwa mpigo ule wa pale ngoma inapokaribia kugeuka. Ikapita dakika, zikapita tano, kumi. Watu walipita wakamtazama.

Nikasikia ndara za shangazi mlangoni.

"Yule kijana," akasema nyuma ya mbao, "amesimama pale tangu saa tano kama mlingoti. Anadai nini?"

"Shangazi..."

"Nesi ameniambia yote. Habari za filimbi." Nilifumba macho kuisubiri mvua ya maneno. "Miaka mitatu, mbele ya macho yangu. Na mimi nimekaa mbele kabisa, napiga makofi!"

"Nisamehe, shangazi."

"Ameniambia pia kwamba kijana aliikataa. Na kwamba ndiye aliyegundua unaumwa, akakuzuia kule kule, usije ukanipikia siku ile." Sauti yake ilishuka. Nilimsikia akivuta pumzi puani, namna anavyofanya uzi unapokataa kuingia kwenye sindano. "Sasa mbona hapulizi? Amekuja kuonyesha meno?"

"Hawezi kuanza yeye. Mimi ndiye naanza. Napuliza moja, ndipo yeye anajibu mbili."

"Basi anza! Unataka mtoto wa watu aungue na jua mpaka lini?"

Mtoto wa watu. Miaka yote hiyo alikuwa "huyo mpiga kitu."

Nikaitia filimbi mdomoni. Nikavuta pumzi, kifua kikachoma, nikapuliza. Ukatoka upepo mtupu. Ng'ambo ya barabara Kishindo aliacha kugonga mapaja. Niliona mabega yake yakipanda na kukaa pale juu, kama anayenivutia pumzi yeye. Nikashika fremu ya dirisha kwa mikono miwili, nikamtazama yeye peke yake, nikapuliza tena.

Ilitoka nyembamba, ikatetemeka, lakini ilitoka.

Kishindo akajibu. Mara mbili, kali, mpaka mbwa wa jirani akabweka. Kisha akaitoa filimbi mdomoni na kukaa chini palepale vumbini, akafunika uso kwa mikono, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Na mimi, nimeegemea dirisha, sina hata pumzi ya kumwita, nikasikia upande wa pili wa mlango shangazi akipiga makofi.